Mtungi Ukishaondolewa

Mtu aliyelala chumba cha wagonjwa mahututi wiki mbili, akatoka hai, mtihani wake wa kwanza huwa chooni. Nyumba nyingi za Ngamiani na Makorora hapa Tanga, na zaidi ukishashika njia ya Mkinga au ya Pangani, zina choo cha kuchuchumaa, mara nyingi uani. Kuchuchumaa kunataka mapaja yenye nguvu, na kuinuka kunataka zaidi. Sasa mapaja ndiyo ambayo ugonjwa huyala mwanzo. Tumfikirie mvuvi wa Mwambani aliyezoea kupandisha tanga na kuvuta nyavu usiku kucha: leo anashikwa kwapani na binti yake ili asimame. Aibu inamwingia. Anaanza kula kidogo na kunywa kidogo ili asiende choo mara kwa mara, na kadiri anavyojinyima ndivyo mapaja yanavyozidi kukonda. Nyumbani wanasema homa imemwacha lakini mwenyewe bado hajarudi. Hospitali nayo imeshaandika kwamba ameruhusiwa.

Sura hii ni ya kipindi hicho, siku na miezi ya utengamao, tangu mtungi wa oksijeni unapoondolewa kitandani hadi mtu anaporudi kwenye shughuli zake. Janga la korona lilituonyesha jinsi kuokoa roho ya mgonjwa mahututi kulivyo kazi ngumu, tukatafuta fedha na mashine kwa ajili hiyo. Kumrudishia miguu yake hatukukutafutia karibu chochote, ingawa sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji mashine.

Kinachotokea mwilini kimepimwa. Mwaka 2013 watafiti wa London walichapisha vipimo vya msuli wa mbele ya paja vya wagonjwa mahututi 63. Kufikia siku ya 10 msuli huo ulikuwa umepungua karibu asilimia 18. Kulala bila kujongea kunachangia, lakini ugonjwa mkali wenyewe ndio mla nyama: mwili unavunja misuli haraka kuliko unavyoweza kuijenga, na mishipa ya fahamu ya mikono na miguu nayo huweza kudhurika. Huko Toronto, Margaret Herridge na wenzake waliwafuatilia watu 109 walionusurika baada ya mapafu kushindwa kazi, wakatoa matokeo mwaka 2003. Watu hao waliondoka wakiwa wamepoteza asilimia 18 ya uzito wao. Ndani ya miezi 6 mapafu ya wengi yalikuwa yamekaribia hali ya kawaida. Miguu haikuwa imerudi. Mwaka mmoja baadaye, wakipewa dakika 6 za kutembea, walifika kiasi cha mita 422, theluthi mbili tu ya walizotarajiwa kutembea, na ni karibu nusu yao waliokuwa wamerudi kazini. Hawakuwa wazee, umri wao wa kati ulikuwa miaka 45. Walipopimwa tena mwaka wa 5 walikuwa wameongeza mita 14.

Naziweka takwimu hizi mbele kwa sababu pwani yetu mtu wa namna hiyo huambiwa maneno mengi. Ataambiwa amezoea kuhudumiwa, au amelegea, au kuna mkono wa mtu. Yeye mwenyewe hudhani mapafu yake yameoza, akaogopa hata kutembea hadi barazani. Kumbe mara nyingi pumzi inamkatika kwa kuwa misuli iliyokonda inachoka mapema mno, na misuli huweza kujengwa upya.

Vyumba vya wagonjwa mahututi vyenyewe vilizaliwa na janga. Agosti 1952 Copenhagen ilikuwa imezidiwa na polio, na Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache mno za kupumulia. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen aliagiza msichana wa miaka 12 atobolewe koo, akamwingiza mpira, akamsukumia hewa kwa mfuko wa mkononi. Msichana akaishi. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapangwa kwa zamu, usiku na mchana, kila mmoja akibinya mfuko kando ya kitanda. Vifo vilivyokuwa karibu 9 katika 10 kwa wagonjwa wa aina hiyo vikashuka sana. Habari hii husimuliwa kila mahali, na husimuliwa mpaka hapo tu, kwenye kunusurika. Kilichofuata ni miaka ya mikanda ya miguu, magongo, mabwawa ya mazoezi na watu waliojifunza upya kushika kijiko. Taaluma ya fiziotherapia ilikomaa sana kwa kuwahudumia watu wa polio na majeruhi wa vita.

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 16 Machi 2020. Aliyetangaza alikuwa Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, mtoto wa Tanga, ambaye baadaye mwaka huohuo alichaguliwa kuwa mbunge wa Tanga Mjini. Miezi miwili baadaye Kenya ilifunga mpaka kwa watu, ikaacha mizigo tu ipite, na wenye ndugu pande zote mbili za Horohoro na Lunga Lunga wakakatwa katikati. Takwimu za taifa zilikomea Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kwa zaidi ya mwaka mmoja hazikutolewa nyingine. Wengi waliougua katika kipindi hicho walirudi nyumbani na jina la nimonia kali, au changamoto ya upumuaji kama tulivyozoea kusema. Kwa mtu wa fiziotherapia hilo si kikwazo. Paja lililokonda linahitaji kazi ileile, cheti kiwe kimeandikwa korona au nimonia. Ila mtu asiyehesabiwa hatafutwi baadaye, hapangiwi tarehe ya kurudi kuonwa, wala bajeti haimjui.

Julai 2021 chanjo ikaanza kutolewa, na Oktoba mwaka huohuo serikali ikazindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Ulijenga madarasa na majengo ya dharura na ya wagonjwa mahututi, ukanunua mashine za CT na mitambo ya kuzalisha oksijeni. Nauunga mkono uamuzi huo bila kusita. Oksijeni ilikuwa imechelewa katika hospitali zetu tangu zamani, na mtambo huo unamfaa mtoto mwenye nimonia leo kama ulivyomfaa mgonjwa wa korona jana. Lakini kila kitanda kipya cha mahututi huzalisha watu wapya wa kutengamaa, na hesabu hiyo ya pili haikupigwa kwa bidii kama ya kwanza.

Wala tusidhani hawa ni wagonjwa wa janga peke yake. Mwaka 2025 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa karibu 20,000 waliokutwa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na kati ya hao mahututi, saba katika kumi walikuwa wodi za kawaida. Kwetu ni mama aliyepata kifafa cha mimba, kijana wa bodaboda aliyepasuka kichwa barabara ya Segera, mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani, mzee aliyepooza upande. Hawajawahi kuiona mashine ya kupumulia, na bado wanatoka na miguu ileile ya mvuvi wetu.

Mkoa huu una historia yake katika elimu ya wagonjwa mahututi, na ningependa watu wa Tanga waijue zaidi. Hospitali Teule ya Muheza, iliyokua kutoka kwenye kazi ya kanisa la Anglikana, ilikuwa mojawapo ya vituo sita vya utafiti uitwao FEAST, pamoja na Kilifi na hospitali nne za Uganda. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waliingizwa. Swali lilikuwa kama kuwamiminia maji mengi ya dripu kwa haraka, kama vitabu vilivyofundisha, kunaokoa maisha. Majibu ya mwaka 2011 yalishtua madaktari kila bara: waliomiminiwa walikufa zaidi, kiasi cha 10 na nusu katika kila 100, dhidi ya 7 katika 100 kwa wasiomiminiwa. Ndivyo wodi ya watoto ya Muheza ilivyosaidia kubadilisha fikra za hospitali zenye mitambo ya thamani isiyohesabika.

Uzito wa jambo katika utafiti ule ulikuwa saa 48 za kwanza, na ilibidi iwe hivyo. Kwa mzazi hesabu haiishii hapo. Huko Kampala, watoto walionusurika malaria ya ubongo walipopimwa miaka miwili baadaye, mmoja kati ya wanne alionekana kuwa na upungufu katika uwezo wa kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Mtoto wa namna hiyo akiwa Maramba au Bwembwera ataonekana mzima kabisa anapocheza. Atakuja kuonekana darasa la pili, atakapoanza kuitwa mvivu.

Sasa turudi nyumbani kwa mvuvi, maana huko ndiko kazi iliko.

Kazi ya kwanza ni pumzi. Akihema kwa hofu asilazwe chali. Akae, aegemee mbele, viwiko juu ya magoti au juu ya mito iliyowekwa mezani. Akiwa amesimama, aegemee ukuta au ukingo wa baraza. Usiku alale ubavu, kichwa na mabega vimeinuliwa. Avute hewa puani taratibu, aitoe kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza kaa la moto asitake majivu yaruke. Mikao hii imo katika kijitabu ambacho Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2020 kwa waliougua korona, nacho hakidai kifaa chochote ambacho nyumba ya Makorora haina. Kujifukiza, ambako wengi walikutegemea, kunaweza kumlegezea mtu pua. Hakujengi msuli hata mmoja, na sufuria ya maji yanayochemka ni hatari kwa mtu ambaye mikono inamtetemeka.

Kisha miguu. Zoezi lenye faida kuliko yote katika wiki za mwanzo ni kukaa na kusimama. Kiti kiwe kigumu, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Mgonjwa asogee ukingoni mwa kiti, nyayo nyuma kidogo ya magoti, pua ipite mbele ya vidole vya miguu, ndipo ajisukume juu. Muuguzaji akae mbele yake, asimvute mikono. Amwachie mwili wake ufanye kazi, naye awe tayari kumdaka. Mara tatu asubuhi, mara tatu jioni, kesho nne. Anayeshindwa kwenye kiti aanze kwenye kitanda kilicho juu, au kiti kiongezewe mto, maana kadiri pa kukalia panavyokuwa juu ndivyo kuinuka kunavyokuwa rahisi. Kwa choo, kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, kikiwa imara, humrudishia mtu heshima siku hiyohiyo. Kwa kutembea, miti miwili iliyofungwa sambamba uani kwa urefu wa kiuno inatosha. Watu wa utengamao vijijini wamekuwa wakiijenga hivyo kwa miaka mingi kwa ajili ya watoto wenye ulemavu.

Kwa Mwislamu kipo kipimo kingine, nami nakithamini kuliko saa ya daktari. Dini imemruhusu mgonjwa asali ameketi, na asipoweza, kwa ubavu. Mara tano kwa siku, basi, mwili wake unaulizwa umefika wapi. Aanze kwenye kiti. Akipata nguvu asimame rakaa moja, aketi zinazofuata. Rukuu ije kabla ya sujudi, kwa sababu kuinamisha kichwa humzungusha mtu aliyelala muda mrefu, na kuinuka kutoka sujudi ni kazi nzito kuliko kuinuka kitini. Siku anayotoka sujudi hadi kusimama bila kushika kitu, mtu wa fiziotherapia hana haja ya kumuuliza mengi kuhusu mapaja.

Kuna kipimo cha nguvu na kuna mpaka wake. Anapotembea aweze kusema sentensi nzima, akishindwa, apumzike. Jana alikwenda hadi msikitini na leo hawezi kuinuka, basi ilikuwa mbali mno, arudi nyuma hatua mbili. Kwa waliougua korona hili ni muhimu hasa, kwa kuwa wengine kati yao mwili huanguka siku moja au mbili baada ya kujituma, na kulazimisha kunawazidishia. Hata wodini, haraka si dawa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kuanza mazoezi mapema kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine kuliwafanya asilimia 59 kurudi kujihudumia walipotoka hospitali, dhidi ya asilimia 35. Mwingine mkubwa zaidi, wa mwaka 2022 na wagonjwa 750, haukuona faida katika kuzidisha kipimo, na madhara yaliongezeka. Anza mapema, ongeza polepole. Na maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba, kuzimia, au midomo kubadilika rangi si mambo ya mazoezi; ni safari ya hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.

Chakula nacho kina mitego. Aliyekuwa na mpira kooni huweza kupaliwa, na maji matupu humpalia zaidi kuliko uji mzito. Aketi wima, kidevu kikielekea chini kidogo, anywe kidogo kidogo, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Sauti yake inaweza kukwaruza kwa wiki kadhaa. Anahitaji protini kila mlo, na pwani hii inayo: dagaa, changu, kunde, maharage, mayai, karanga zilizosagwa ndani ya uji. Chai ya rangi na mkate, ambavyo ndivyo chakula cha mgonjwa katika nyumba nyingi, havitamjenga.

Na kuna akili. Wengi waliokuwa mahututi waliweweseka wodini. Walimwona marehemu mama yao dirishani, waliamini wauguzi wanataka kuwaua, walisikia bahari chini ya kitanda. Bombo iko karibu na maji kweli, na lile jengo la kale la Wajerumani liitwalo Cliff Block limesimama upande huo. Mtu aliyezidiwa na homa hashindwi kuichukua sauti ya mawimbi akaitungia kisa. Kumbukumbu hizo hubaki wazi kuliko za kweli, na mtu huona aibu kuzisema. Nyumbani wakizijua, haraka huhesabiwa kuwa majini. Sina ugomvi na anayesomewa dua na nafsi yake ikatulia. Ninachoomba ni mtu huyo aambiwe kwanza kwamba kuweweseka huwapata wagonjwa mahututi wengi duniani, na kwamba yeye si mwendawazimu. Ulaya wauguzi na ndugu huandika daftari la kila siku kando ya kitanda: leo umefumbua macho, leo mwanao amekuja. Utafiti mmoja wa mwaka 2010 uliona waliopewa daftari hilo walisumbuliwa na mshtuko wa kiakili asilimia 5, dhidi ya 13 kwa wasiopewa. Mwingine wa Ufaransa mwaka 2019 haukuona tofauti. Mimi ningeliandika hata hivyo. Daftari la shule si ghali, na ndugu anayesubiri nje ya wodi anatafuta la kufanya.

Ndugu huyo ndiye mhudumu mkuu wa utengamao wa Tanga, na hakuna aliyemfundisha. Shirika la Afya Duniani linasema nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa utengamao wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja. Kituo kikubwa cha kuwafunza kwa upande wetu ni KCMC, Moshi. Tukingoja wahitimu watufikie Moa, Kipumbwi na Mkwaja, watu wengi watakuwa wamezoea kulala.

Lakini pwani hii inajua kumrudisha mtu. Mzazi aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini, anakandwa maji ya moto, analishwa uji wa pilipili manga, haachiwi kazi nzito, na kuna mwanamke mwenye jukumu hilo linalojulikana na ukoo mzima. Si kila kitu ndani yake ni kizuri kitabibu. Maji ya moto kupita kiasi huunguza. Ila ukoo hauulizi kama arobaini ni lazima. Aliyetoka kuponea nimonia hana arobaini yake. Anapewa wiki moja ya pole, kisha wageni hupungua.

Nchi nayo inajua. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na daktari Karel Styblo aliyeufanyia kazi alitumia uzoefu wake kujenga mfumo ambao Shirika la Afya Duniani lilikuja kuusambaza dunia nzima. Baadaye mgonjwa akaruhusiwa kumchagua mtu wa nyumbani wa kumsimamia anapomeza dawa. Mke, jirani, au mwalimu anapewa kadi na maelekezo, na kituo kinajua jina lake. Kadi ya namna hiyo ingeweza kuwa na michoro sita, yaani mikao miwili ya pumzi, kukaa na kusimama, kutembea, namna ya kulisha, na dalili za hatari. Hapa Tanga, watu wa shirika la YDCP kwa miaka mingi wamekuwa wakiwafuata majumbani watoto na vijana wenye ulemavu pamoja na familia zao; ujuzi wa kumfundisha mama kazi ya mikono yake uko mjini tayari. Na Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Mafunzo yao yamejaa mengi ya lazima: uzazi, lishe, chanjo, malaria. Ningedai waongezewe kumtembelea kila aliyetoka mahututi katika wiki ya kwanza, ya tatu na ya sita, na kumhesabia ameinuka kitini mara ngapi.

Linabaki suala la riziki, ambalo hospitali hailigusi. Mapato ya chombo hugawanywa mafungu, la chombo, la nyavu, la mabaharia, na asiyekwenda baharini hana fungu. Kwa hiyo mvuvi wetu atarudi majini kabla ya wakati, ama azidiwe, ama aachwe na nahodha baada ya safari mbili. Kati ya kitanda na bahari zipo kazi za kati. Kushona nyavu ni kazi ya vidole na macho, hufanywa umekaa kivulini, na humrudisha mtu kwenye mazungumzo ya wenzake. Kupokea na kuhesabu samaki pale soko la Deep Sea kunamsimamisha kwa saa kadhaa bila kuvuta kamba. Mwezi wa tatu tangu atoke hospitali ajaribu kupiga kasia maji yakiwa shwari, na arudi kwenye nyavu za usiku mwisho kabisa. Mpango huo unahitaji watu watatu wakae kikao kimoja, yeye mwenyewe, nahodha wake, na mtu wa mazoezi au mhudumu wa kijiji anayejua ameinuka mara ngapi. Wakubaliane na fungu lake la kipindi hicho, hata likiwa nusu, kabla hajaenda kukopa.